Mayai Yaliyochemshwa Bila Moto

Suame, Kumasi
4 Machi 2015

Wamepokea chupa! Dada Birago, chupa zetu zote mbili za kinywaji kikali wamezipokea kwa mikono miwili, na Nimo wangu anamwoa Dufie, yule mwalimu wa hapo hapo kwenu Techiman, mpwa wa mzee Baffoe mwenye duka la samaki wa barafu. Habari za huko? Nyonga inaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia kwa furaha.

Najua umenuna. Ujumbe wetu ulipita mbele ya mlango wako na hakuna aliyebisha hodi. Ni mimi niliyewakataza. Nilisema wakikataliwa, dada atanicheka mpaka nizeeke. Sasa hawakukataliwa, kwa hiyo acha kununa. Ningekupigia simu, lakini masikio yako na simu vimeachana zamani. Mara ya mwisho ulinijibu "ndiyo" kwa kila kitu, hata nilipouliza nani amekufa. Barua anakuletea dereva Kwasi pamoja na samaki wakavu, umkague asije akapunguza.

Kilichoniuma ni kimoja tu. Mzee Baffoe aliuliza kijana anafanya kazi gani, na shemeji yangu aliyeongoza ujumbe, bubu yule, akajibu "kompyuta" akanyamaza. Kompyuta tu! Ningekuwepo mimi wangekaa mpaka jioni.

Ndani ya kila kompyuta, dada, kuna kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa. Mafundi wanakiita pawa saplai. Tangu umeme uanze kuzimwa na kuwashwa ovyo, visanduku hivyo vinakufa kama kuku wa kideri. Na hivi vinavyoletwa na makontena, ukichomeka kimoja hakina kazi, feni inazunguka vizuri, unasema kizima. Ukikipa kazi, kinazirai. Marehemu baba yake Nimo alikuwa hivyo hivyo.

Nimo hadanganywi. Anakibebesha mzigo: taa za mbele za gari, kubwa, kadhaa kwa mpigo, na waya wa jiko la umeme lililokufa ameuzamisha ndani ya beseni la maji. Chumba kinawaka mchana kama mkutano wa injili na maji yanachemka hakuna kuni, hakuna mkaa, hakuna gesi. Halafu anatumbukiza yai. Yai likiiva, kisanduku ni kizima. Kumasi yote hii, nani mwingine anapika yai bila moto?

Jumapili niliwaambia akina mama wote wa umoja wa kanisa, hata wageni waliotoka kwenu kuja mkutanoni: mwanangu anawasha taa za gari bila gari, na anachemsha mayai bila moto. Walitazamana wao kwa wao, dada. Wivu huo.

Mdogo wako mwenye furaha,
Asieduwaa, Mama Nimo


Techiman
10 Machi 2015

Asieduwaa,

Samaki wamefika. Kwasi nimemkagua, amekula mmoja.

Mimi sinuni. Nimekaa tu hapa nikijiuliza ni dada wa nani, maana wa Asieduwaa angeambiwa. Tuyaache.

Umesema wamepokea chupa. Sikiliza vizuri: wamepokea, hawajafungua. Umesahau mila au furaha imekutoa akili? Zimepangwa juu ya kabati sebuleni kwa Baffoe, moja huku na moja huku, na mtoto haruhusiwi hata kuzifuta vumbi. Mpaka wamchunguze kijana na ukoo wake. Wakiridhika, watazifungua. Wasiporidhika, zitarudi Kumasi kwa basi lile lile, na msichana hutamwona tena.

Nilikwenda kununua samaki dukani kwake makusudi. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanaongea, wakaniona, wakaacha. Siwezi kusikia simu, lakini midomo naisoma. Walikuwa wanasema kijana wa Kumasi anafunga pazia mchana, chumba kinawaka taa ambazo hazina gari, na mbele yake kuna beseni lenye mayai yanayotokota bila moto. Mmoja akasema sakawa. Unajua inavyokuwa: kijana, kompyuta, mlango umefungwa, watu wa ng'ambo wanaibiwa mtandaoni na mganga anapata fungu lake.

Nauliza kama dada. Chumbani mle kuna nini?

Birago


Suame, Kumasi
15 Machi 2015

Dada yangu Birago,

Hiyo sakawa imrudie aliyeitamka. Na ninamjua. Ni Boatemaa, jirani yetu muuza kenkey, yale madonge yake ya mahindi yaliyochachuka. Dirisha lake linatazamana na la Nimo, na binti yake alikuwa anamtupia Nimo macho tangu mwaka juzi. Ana shangazi Techiman. Nani mwingine angejua habari za mayai? Kenkey yake siinunui tena, na nilipopita nilihakikisha ameniona nimebeba ya mtu mwingine.

Sasa, kwa kuwa umeuliza kama dada.

Mimi si mtu wa kuchungulia, unanijua. Lakini pazia lilikuwa limeacha nafasi. Nikaona yai linatolewa majini, na yai lenyewe lina mstari mwekundu katikati. Nikaingia nikamwambia Nimo anipe nilitie kwenye supu ya karanga. Akanitazama kana kwamba nimemwomba sumu.

"Mama, haya hayaliwi."

Nikamuuliza kwa nini yai lisiliwe, kuku amekosa nini. Akasema hayaliwi tu, atanifafanulia baadaye, mteja anasubiri. Baadaye hiyo haijafika mpaka leo. Jioni nilimwona nyuma ya choo na koleo dogo, anachimba, anafukia. Dada, anayazika.

Nikamuuliza pia taa anazitoa wapi. Akasema kwa mafundi wa gereji hapa Suame, wanazichomoa kwenye magari yaliyogongana. Nikamuuliza, magari waliyokufa watu? Akasema, "Mengine," akaendelea kukaza skrubu.

Hayo nakuandikia wewe peke yako. Mwanangu namjua. Nilimzaa siku ya mvua kubwa na hakulia, alitazama huku na huku kama mkaguzi. Mtoto wa namna ile hawezi kupotea. Lakini nimepaka mafuta ya maombi kizingitini kwake, kidogo tu. Aliteleza, akaniuliza nani amemwaga mawese.

Barua hii ichome.

Asieduwaa


Techiman
22 Machi 2015

Asieduwaa,

Nimeichoma. Nimeisoma kwanza mara nyingi.

Yai lenye alama nyekundu, haliliwi, linazikwa. Taa za magari ya maiti. Ungeambiwa hayo ya mtoto wa Boatemaa ungesema nini? Ungekuwa umeshahama nyumba.

Sisemi kijana ana hatia. Nasema ukae naye, umwulize mpaka ajibu, na usikubali neno "baadaye". Na ukae ukijua kwamba Baffoe atatuma mtu. Hatajitambulisha. Wa aina yao hujifanya mnunuzi, huomba maji ya kunywa, hutazama uani, hutazama mama mtu. Usimfanyie lolote la ajabu. Nimesema lolote.

Chupa bado ziko juu ya kabati. Dufie nilikutana naye sokoni, alinishika mkono asitake kuuachia. Msichana anampenda. Amekonda.

Birago


Suame, Kumasi
27 Machi 2015

Dada yangu,

Amekuja, na nimemshinda.

Mwanaume mwembamba, kofia ya ukindu, viatu vya mtu asiyetembea sana kwenye matope. Amekumbatia kompyuta kuukuu. Akaomba maji ya kunywa kabla hata hajaulizwa shida yake. Nikasema moyoni, ndiye. Ama mtu wa Baffoe, ama polisi, na kwangu mimi siku ile wote walikuwa kitu kimoja. Akatazama uani. Akanitazama mimi. Akaniambia kisanduku cha kompyuta yake kimekufa, anataka fundi akipime mbele ya macho yake.

Nimo alikuwa bafuni. Nikamwambia mgeni akae, nikampa maji, nikaingia chumbani kwa mwanangu kwa mlango wa nyuma. Taa zote, nyaya zote, beseni, na mayai yenye mistari, nikavifunga kwenye kitambaa changu cheusi cha msibani, maana ndicho kilichokuwa kwenye kamba. Nikajitwisha. Nikampita pale pale uani, nikamtabasamia, nikamwambia ni nguo za kufua. Nikavificha stoo ya mkaa. Taa moja ilipasuka njiani, lakini nilikohoa juu yake.

Nimo akatoka, akamkaribisha mgeni ndani, akakuta meza tupu. Akasema leo hawezi kupima, vitu vyake vimeondoka. Mgeni akauliza vimekwenda wapi. Nimo akasema hajui. Mgeni akamshukuru, akachukua kompyuta yake, akaenda zake.

Kwa hiyo hakuona kitu chochote. Waambie hao wa foleni ya samaki kwamba mpelelezi amekuja Suame na ameondoka mikono mitupu. Nimo hasemi na mimi tangu jana, lakini siku ya harusi atanishukuru.

Mdogo wako mwerevu,
Asieduwaa


Techiman
1 Aprili 2015

Asieduwaa,

Yule ni Frempong, mdogo wake Baffoe.

Nakuandikia anavyosimulia, maana anasimulia kila mahali. Alifika, mama wa kijana akageuka rangi. Mama akaingia ndani haraka, akatoka amejitwisha kitu ndani ya kitambaa cha msibani, kinagongana kama mifupa, kinachuruzika maji, na kitu kikapasuka ndani yake naye akajifanya kukohoa. Yai moja likadondoka. Lina mstari mwekundu. Amelileta Techiman ndani ya kofia yake, na liko mezani kwa Baffoe, hakuna anayeligusa. Kijana akaulizwa vitu vyake vimekwenda wapi, akasema hajui.

Na kompyuta ile haikuwa mbovu. Alitaka kuona kama Nimo atamwambia ni mbovu ili amuuzie kisanduku kingine. Hukumpa mwanao nafasi hata ya kusema kweli.

Chupa zimeshushwa kutoka juu ya kabati. Ziko mezani zimefungwa kwenye gazeti, na hiyo ndiyo namna ya kurudisha. Dufie amemwomba mjomba wake angoje Pasaka ipite.

Jambo la mwisho. Mwache Boatemaa. "Taa za gari bila gari, mayai bila moto." Maneno hayo niliyasoma kwenye barua yako kabla sijayasikia kwenye foleni. Wageni wa mkutano waliyabeba kama ulivyowapa.

Birago


Suame, Kumasi
6 Aprili 2015

Mama Mkubwa Birago,

Shikamoo. Ni mimi Nimo. Mama amenipa barua yako niisome, kisha akaenda kulala mchana, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Naomba umfikishie mzee Baffoe haya.

Taa ni za magari yaliyoharibika kwa sababu huko ndiko taa zinakopatikana. Gari zima halitolewi taa. Mafundi hunipa zile ambazo waya mmoja ndani umekatika na mwingine unawaka, kwao hazifai tena, kwangu zinafaa. Taa inakula umeme mwingi, ndiyo maana naitumia. Pawa saplai ambayo haijabebeshwa mzigo haiwezi kukuambia kama ni mbovu.

Mayai ni ya wateja. Mimi nina mita ya kupimia umeme, lakini mteja hasomi mita, na mafundi wengi wamemdanganya akiwa anaitazama hiyo hiyo mita. Yai analijua. Akiona limeiva anajua kisanduku kimebeba mzigo muda wa kutosha.

Hayaliwi kwa sababu beseni lile ninaoshea vipande vyenye risasi ya kuchomelea, na nyaya za shaba zinazoshikilia ule waya wa jiko zimeota kutu ya kijani. Nayachora mstari ili Mama asiyatie kwenye supu, maana anatia chochote. Nayafukia ili mbwa wa Boatemaa asiyaokote akala akafa. Ningemweleza Mama mapema. Lakini nikimweleza jambo asubuhi, jioni kanisa zima linalo.

Pazia ni kwa sababu ya jua. Taa hazionekani vizuri jua likiingia.

Mzee akitaka kuona, aje mwenyewe. Sitaficha, na Mama ameahidi hatagusa.

Mwanao,
Nimo


Techiman
19 Aprili 2015

Asieduwaa,

Nilimsomea Baffoe barua ya kijana neno kwa neno. Aliligeuza lile yai mezani kwa ncha ya kalamu, akasema, "Maelezo mazuri hata mwizi anayo."

Lakini atakuja. Ana masharti. Beseni jipya, atanunua mwenyewe. Maji ya pakiti, atachagua mwenyewe. Waya mpya. Mayai ya kuku wake wa nyumbani. Na kisanduku cha umeme atakitoa kwenye kompyuta ya duka lake, ili kisije kikawa kimepikwa kabla. Yai likiiva atakula yeye, na Nimo, na wewe. Anayekataa kula, basi. Chupa anakuja nazo, ndani ya gazeti. Ama atazifungua hapo, ama ataziacha mlangoni kwako.

Nasema mara moja. Siku hiyo ufunge mdomo.

Birago


Suame, Kumasi
11 Mei 2015

Dada Birago,

Nilifunga mdomo. Muulize yeyote. Niliufunga mpaka taya zikauma, kwa hiyo sasa niache nikueleze.

Walikuja Jumamosi: Baffoe, Frempong na kofia yake, na Dufie, mzuri huyo hata akiwa na wasiwasi. Fufu ilikuwa tayari, supu ya mbuzi nzito unayoijua. Baffoe akasema hana njaa. Hakunywa hata maji. Akaweka chupa chini karibu na kiti, upande wa mlangoni.

Nimo akafungua pazia lote. Nyumba nzima ilijaa dirishani, Boatemaa mbele kabisa. Akaunganisha kisanduku cha mzee na feni ikazunguka. Baffoe akaitikia kwa kichwa, akasema hicho ni kipya, alinunua mwaka jana kwa Frempong, Frempong alikileta kutoka Tema. Nimo akafunga taa ya kwanza, ikawaka. Ya pili, ikawaka. Akaushusha waya majini, akatia mayai ya mzee, hayana mstari. Alipofunga taa ya tatu zote zikafifia, zikawa nyekundu kama macho ya mgonjwa. Maji hata kuwa vuguvugu hayakuwa.

Frempong akasema umeme umekatwa, ndiyo kawaida yao siku hizi. Lakini redio ya Boatemaa ilikuwa inaimba.

Dada, nilielewa kabla ya wote. Kisanduku kile kilikuwa kibovu, na mayai hayataiva, na chupa ziko karibu na mlango. Nimo alikuwa na kingine kizima kwenye rafu, mkono tu kuunyoosha. Angesema waya umelegea, angebadilisha, mayai yangeiva, watu wangekula. Nilimfinya mgongoni. Nilimfinya kweli kweli.

Akasema, "Mzee, kisanduku chako hakifai. Si kipya pia. Kimefunguliwa, kimepakwa rangi, kimefungwa tena. Mayai haya sitayaivisha nacho, na sitaki kukudanganya kwa kingine."

Frempong alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu amekisahau humo. Baffoe akamtazama muda, halafu akamtazama mwanangu. Akasema kompyuta ya duka imekuwa ikizimika kila mafriji yanapowaka, na kila mara Frempong alikuwa anamwambia kosa ni la umeme wa serikali.

Kisha akasema, "Mwongo angekisifia kisanduku changu."

Nikadhani huo ndio mwisho, nikaanza kulia. Lakini mzee akasema ameleta mayai ili yaliwe na hayajaliwa. Nimo akanyoosha mkono kwenye rafu, na Dufie akamzuia. Akayatoa mayai kwenye beseni, akayapeleka kwenye jiko langu la mkaa lililokuwa limepasha supu, akayachemsha kwa moto kama watu wote. Akamenya la kwanza, akaling'ata kabla mjomba wake hajamaliza kuombea chakula. Baffoe akala. Nimo akala. Mimi nikala mawili, mtu asije akasema.

Halafu Baffoe akauliza kama ile fufu bado ipo. Alikula mpaka akalegeza mkanda. Gazeti akalichana mwenyewe, chupa ya kwanza akaifungulia pale pale uani, akawamiminia wazee wetu waliotangulia ardhini kidogo, na iliyobaki ikazunguka hata ikamfikia Boatemaa. Kenkey yake nimeanza kununua tena. Sikumwomba radhi, nilinunua nyingi.

Frempong hakunywa. Siku ile yote macho yangu hayakumwacha, na wewe uliye karibu naye usimwondolee yako.

Umoja wa akina mama nimewaambia kidogo tu. Nimesema mwanangu ndiye fundi pekee aliyekataa kupika yai.

Kwa hiyo dada, jiandae, nyonga isiwe kisingizio. Kwasi atakuchukua mlangoni, na safari hii atabisha hodi. Mahari na sherehe ni huko huko kwenu, kwenye uwanja wa Baffoe, na sisi wote wa Suame tunakuja, pamoja na umoja wa akina mama na sare zao. Ni Jumamosi tarehe 30 Mei, saa tatu asubuhi.

Mdogo wako,
Asieduwaa, mama mkwe wa mwalimu